Ugomvi wa tarakimu 7 na 11: jinsi viwanda na maduka vilivyojifunza kuita bidhaa jina moja

Likizo moja, nikiwa bado shahada ya kwanza, shangazi yangu mwenye duka la jumla alinikabidhi kompyuta mpya. "Wewe si msomi? Haya, ingiza mali yote humo." Nikaingiza. Kijana wa dukani naye akaingiza. Na yeye mwenyewe, usiku tukiwa tumelala, akaingiza ya kwake. Baada ya wiki tatu akaangalia kwenye skrini, akaona "Sukari 1kg: 0", akapiga simu kwa msambazaji na kuagiza mzigo. Mzigo ulipofika hakukuwa na pa kuuweka, maana stoo ilikuwa imejaa sukari. Ilikuwemo kwenye kompyuta, ila kwa jina la "SUKARI KILO", na nyingine kwa jina la "Sukari nyeupe pkt". Ilikuwa masika. Ukitunza sukari kwenye stoo yenye unyevu unajua kinachofuata.

"Mwanangu," aliniuliza, "hii kompyuta yako inajua kusoma kweli?"

Inajua kusoma. Haijui tu kwamba majina matatu ni kitu kimoja. Nilikuja kugundua baadaye, nikisoma kwa ajili ya jambo jingine kabisa, kwamba swali la shangazi limewasumbua matajiri wakubwa wa viwanda na maduka duniani kwa zaidi ya miaka 50, na kwamba ile mistari myeusi na myeupe kwenye kila pakiti ilizaliwa humo. Wengi wetu tunaiita bakodi. Kwa Kiswahili rasmi ni msimbomilia, neno zuri, nitalitumia.

Hadithi ya mistari yenyewe huwa inasimuliwa sana, kwa hiyo nitaipitia haraka. Mwaka 1948 huko Philadelphia, mwanafunzi wa uzamili aitwaye Bernard Silver alimsikia mkuu wa kampuni ya maduka ya vyakula akimwomba mkuu wa kitivo chuoni kwao atafiti namna ya kusoma bidhaa kwa mashine pale mteja anapolipa. Mkuu wa kitivo alikataa. Silver alimpelekea habari rafiki yake, Norman Joseph Woodland. Woodland alikuwa ameketi ufukweni Miami akichora nukta na vistari vya mosi kwenye mchanga, akavivuta kwa vidole kuelekea chini, na vikawa mistari, mingine myembamba, mingine minene. Walipata hataza tarehe 7 Oktoba 1952. Mchoro wao maarufu ulikuwa wa duara, kama shabaha ya mshale. Mashine yao ya majaribio ilitumia balbu ya wati 500, na karatasi iliyosomwa ilianza kutoa moshi.

Halafu ikawa kimya kwa karibu miaka 20. Leza haikuwepo na kompyuta ndogo ya bei nafuu haikuwepo. Silver alifariki mwaka 1963 bila kuona lolote likitokea.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu simulizi nyingi huruka kutoka mchangani hadi dukani. Tuseme leza ipo, kompyuta ipo. Bado kuna swali la kijinga linalokwamisha kila kitu: mistari iandike nini?

Mwaka 1969 wawakilishi wa chama cha viwanda vya vyakula Marekani walikutana na wenzao wa chama cha maduka makubwa, mjini Cincinnati. Wote walitaka kila bidhaa iwe na namba moja nchi nzima. Wenye viwanda walitaka tarakimu 11. Kwa nini 11? Kwa sababu kila kiwanda tayari kilikuwa na namba zake za ndani, kwenye ankara zake, kwenye stoo zake, na namba ndefu ingewaruhusu kuzibeba zote kama zilivyo. Wenye maduka walitaka tarakimu 7. Kwao kila tarakimu ya ziada ilimaanisha mashine ghali zaidi, na maduka yalikuwa maelfu. Walijadili, wakachoka, wakaondoka bila kukubaliana.

Ukiangalia vizuri, huo haukuwa ugomvi wa hesabu. Ulikuwa ni ugomvi wa nani abebe gharama ya kubadilika. Kila upande ulikuwa unasema: nyinyi ndio mje kwetu.

Mwaka 1970 iliundwa kamati nyingine, safari hii ya wakurugenzi wakuu wenyewe, mwenyekiti akiwa Burt Gookin aliyekuwa akiongoza kampuni ya Heinz. Nadhani hii ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote katika historia hii: waliwatoa mezani wataalamu waliokuwa wakitetea mifumo yao na kuwaweka watu wenye uwezo wa kusema "basi, tunabadilisha." Mwaka uliofuata wakakubaliana tarakimu 10: 5 za kiwanda na 5 za bidhaa. Kila kiwanda kikipewa zake 5, kinajipangia chenyewe zile 5 zilizobaki bila kumwomba mtu ruhusa. Baadaye iliongezwa tarakimu moja mbele na moja nyuma, zikawa 12.

Na walikubaliana kitu kingine ambacho watu wengi bado hawakijui: namba isiseme chochote. Haina bei ndani yake. Haina uzito, haina rangi, wala tarehe ya kuisha muda. Ni jina tu. Ukipitisha sabuni kwenye skana, mashine inasoma namba, inauliza kompyuta ya duka "huyu ni nani?", na kompyuta ndiyo inayojibu "sabuni ya mche, bei kadhaa". Uamuzi huu uliwaachia maduka uhuru wa kupanga bei. Lakini ulizaa tatizo la pili, kubwa kuliko la kwanza, ambalo nitalifikia.

Kuhusu umbo, duara la Woodland na Silver lilishindwa kwa sababu ya wino. Mitambo ya uchapaji ikienda kasi wino huvutika kuelekea upande karatasi inakokwenda, na duara likivutika upande wowote linaharibika. Mistari iliyosimama ikivutika kwa urefu wake inazidi tu kuwa mirefu. Tarehe 3 Aprili 1973 kamati ilichagua umbo la mistari kutoka IBM, lililobuniwa na George Laurer. Woodland mwenyewe wakati huo alikuwa mfanyakazi wa IBM. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, Ohio, pakiti ya bazoka za Juicy Fruit ikapita kwenye skana kwa senti 67.

Si wote waliofurahi. Maduka yalipotaka kuacha kubandika bei kwenye kila bidhaa, watetezi wa walaji na vyama vya wafanyakazi waliona mtego: mteja atajuaje kwamba bei iliyo rafuni ndiyo iliyo kwenye kompyuta? Jimbo la Michigan lilitunga sheria mwaka 1976 kulazimisha bei ibandikwe kwenye bidhaa, na sheria hiyo ilidumu hadi 2011. Mimi nawaelewa kabisa. Nani hajawahi kufika kwa keshia akakuta bei si ile aliyoiona?

Ulaya nayo haikukaa. Mwaka 1977 nchi 12 zilianzisha chama chao, makao yake Brussels, na wakaongeza tarakimu moja, jumla zikawa 13. Tarakimu za mwanzo zikawa zinaonyesha shirika la nchi gani limetoa namba. Kenya ni 616. Tanzania ni 620.

Subiri, usikimbilie kabatini kuangalia "bidhaa gani ni za kwetu". 620 haina maana kwamba kitu kimetengenezwa Tanzania. Ina maana namba imetolewa na shirika la Tanzania. Kampuni iliyosajiliwa hapa inaweza kufungasha mchele wa Pakistani na bado ukabeba 620. Na kinyume chake kilitokea hapa kwetu kwa miaka mingi. Shirika la Tanzania lilianza kazi mwaka 2011. Kabla ya hapo, mzalishaji wa Kitanzania aliyetaka kuingia supamaketi alikuwa anatafuta namba nje, Kenya au Afrika Kusini kwa mfano. Chai ya mlimani kwetu, namba ya kwa jirani. Kwa mashine ya malipo hakuna tofauti yoyote, inasoma tu. Ila ukiwa mzalishaji mdogo, kupanga foleni nchi nyingine ili bidhaa yako ipate jina si jambo dogo.

Kabla sijaendelea, kuna kamchezo. Tarakimu ya mwisho kabisa huwa ni ya uhakiki, unaweza kuikokotoa mwenyewe. Chukua namba 978030640615, ambayo ni ya aina zinazowekwa kwenye vitabu. Kuanzia kushoto, zidisha kwa 1, kwa 3, kwa 1, kwa 3, hadi mwisho: 9 + 21 + 8 + 0 + 3 + 0 + 6 + 12 + 0 + 18 + 1 + 15. Jumla ni 93. Ili ufike kumi inayofuata, yaani 100, unahitaji 7. Kwa hiyo tarakimu ya 13 ni 7. Keshia akikosea kuandika tarakimu moja tu, hesabu hukataa kila mara. Akibadilishana tarakimu mbili zilizo jirani, hukataa mara nyingi, isipokuwa pale zinapotofautiana kwa 5, kama 1 na 6. Jaribu kwa pakiti yoyote iliyo karibu yako, nitasubiri.

Umerudi? Twende kwenye tatizo la pili.

Namba ni jina tupu. Maelezo yote yako kwenye kompyuta ya duka. Nani aliyaweka humo? Mtu fulani aliyaandika kwa mkono. Kiwanda kikitoa biskuti mpya na kuziuza kwa minyororo 30 ya maduka, watu 30 tofauti wanakaa chini kuandika jina, uzito, vipimo, idadi kwa katoni, viambato. Kila duka lina fomu yake. Hili linataka "uzito halisi", lile linataka "uzito pamoja na kifungashio", jingine limeandika "uzito" tu. Mmoja anapima kwa inchi, mwingine kwa sentimita. Kwa ufupi, wote wako kwenye stoo ya shangazi yangu, ila yao ni kubwa zaidi.

Wazo la kutumiana karatasi za biashara kwa mashine lilikuwepo zamani. Wakati Berlin imezingirwa, 1948 hadi 1949, mji mzima ulilishwa kwa ndege. Mizigo ilikuwa inafika na hati za kila namna, kwa lugha tofauti na idadi tofauti ya nakala. Askari wa Marekani aitwaye Edward Guilbert, pamoja na wenzake, walitengeneza hati moja ya mzigo yenye mpangilio mmoja, ambayo ingeweza kutumwa kwa teleksi, kwa redio au hata kusomwa kwenye simu. Guilbert alikwenda na wazo hilo hadi kwenye usafirishaji wa kiraia, na mwaka 1968 makampuni ya uchukuzi Marekani yaliunda kamati ya kusawazisha hati hizo. Kutokea hapo ilikuja mifumo ya kutumiana oda na ankara kielektroniki.

Lakini angalia: oda inasema "nataka katoni 40 za namba fulani". Haisemi namba hiyo ni kitu gani. Kama mimi na wewe tuna maelezo tofauti kuhusu namba ileile, tutatumiana makosa kwa kasi kubwa zaidi.

Intaneti ilipopamba moto ilionekana kama dawa. Mwaka 2000, katika ile homa ya kufungua makampuni ya mtandaoni, viwanda vikubwa vilianzisha soko lao la kielektroniki, Transora. Maduka makubwa yakaanzisha ya kwao, tena mawili: WorldWide Retail Exchange na GlobalNetXchange. Umeona kilichotokea? Ni Cincinnati 1969 tena. Wenye viwanda upande huu, wenye maduka upande ule, kila mmoja anasema njoo kwangu. Kiwanda kilichouza kwa wote kilijikuta kinajaza taarifa zilezile sehemu tatu.

Suluhisho lilikuja mwaka 2004 na bado linatumika: mtandao wa dunia wa kusawazisha data za bidhaa. Sitaki kukuchosha na herufi zake. Kinachonivutia ni jinsi walivyokwepa swali la "njoo kwangu". Hawakujenga ghala moja la dunia. Kila kampuni inachagua ghala lake la data, na katikati kuna rejesta moja tu. Rejesta hiyo haihifadhi uzito wala viambato. Inahifadhi namba ya bidhaa, namba ya mwenye taarifa, soko la nchi gani, na taarifa zenyewe ziko ghala gani. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi. Anajua nani anaishi wapi, atakuelekeza mpaka mlangoni, lakini hana ufunguo wa nyumba ya mtu.

Inavyokwenda ni hivi. Kiwanda kinaweka maelezo ya biskuti kwenye ghala lake mara moja. Ghala linaiarifu rejesta. Duka, kupitia ghala lake, linasema "nataka biskuti za huyu". Rejesta inayaunganisha maghala mawili, na maelezo yanatiririka. Kiwanda kikibadilisha kitu, badiliko linawafuata wote waliojiandikisha, na duka linajibu limepokea au limekataa. Mwaka uliofuata, 2005, mashirika ya Marekani na Ulaya yaliyokuwa yakitoa namba yalibeba jina moja, GS1, na maduka ya Marekani yalitakiwa tangu Januari mwaka huohuo yawe na uwezo wa kusoma tarakimu 13 badala ya 12. Tarakimu moja ilichukua karibu miaka 30 kuvuka bahari.

Sasa, kutuma ni rahisi. Ugumu ni kukubaliana maneno. Mfano ninaoupenda: kimo cha pakiti ni upande upi? Usicheke. Pakiti ya unga wa mahindi inaweza kulazwa au kusimamishwa. Kiwanda kikisema kimo ni sentimita 8 na duka likadhani ni 25, rafu iliyopangwa na kompyuta haitaingia kitu. Kwa hiyo kuna kanuni: tafuta kwanza uso wa mbele, yaani ule wenye eneo kubwa ambao mtengenezaji anautumia kumuuzia mteja. Zikiwa nyuso mbili zinalingana, chukua ile ndefu kwenda juu. Kisha simama mbele yake: chini hadi juu ni kimo, kushoto hadi kulia ni upana, mbele hadi nyuma ni kina. Lakini hiyo ni kwa pakiti anayonunua mteja. Katoni ina kanuni yake nyingine, kwa sababu katoni haina "uso", ina kitako. Watu wazima walikaa vikao kuamua hayo, na sioni upuuzi wowote ndani yake.

Kanuni nyingine inatuhusu mifukoni. Biskuti zikipungua kutoka gramu 100 hadi 85, pakiti ikabaki ileile na bei ileile, kanuni inataka zipewe namba mpya. Ujazo uliotangazwa ukibadilika, ni bidhaa nyingine. Mteja anaweza asione. Kompyuta itaona.

Na kuna pale ambapo hili si suala la rafu wala faida. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni ya taarifa za vyakula, namba 1169 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2014. Inataka chakula kinachouzwa mtandaoni kionyeshe taarifa za lazima kabla mteja hajanunua, yakiwemo makundi 14 ya vitu vinavyosababisha mzio, kama karanga, maziwa, mayai na samaki. Fikiria maana yake. Mama wa mtoto mwenye mzio wa karanga hashiki pakiti, anasoma skrini. Skrini inasoma kompyuta ya duka. Kompyuta ya duka inategemea alichotuma mwenye kiwanda. Kiwanda kikibadilisha mafuta mwezi huu na taarifa ikachelewa, hakuna mtu katikati atakayegeuza pakiti kuangalia nyuma. Zamani kosa la kuandika lilimpotezea mtu katoni za sukari.

Nina wasiwasi mmoja, na wenzangu hapa tumebishana nao. Mfumo huu ulijengwa na wakubwa kwa ajili ya wakubwa. Namba inalipiwa ada, ghala la data linalipiwa, na anayejaza sehemu zote hizo za fomu lazima awe ameajiriwa na mtu. Mama anayetengeneza achari nyumbani, ambayo wewe na mimi tunaijua kwa kifuniko chake chekundu, anaweza kuwa na achari bora kuliko zote mtaani na bado asiwe na jina lolote mbele ya mashine. Mwenzangu mmoja anasema hiyo ni bei ya kawaida ya kuingia soko kubwa. Mimi nasema ni 1969 tena: nani abebe gharama ya kubadilika? Safari hii hakuna kamati iliyomwita yule mama mezani.

Kwa shangazi tulimaliza hivi. Nilifuta sukari tatu nikabakiza moja, nikaipa namba iliyo kwenye pakiti, nikanunua skana ya mkono, na nikapiga marufuku mtu yeyote kuandika jina la bidhaa kwa mkono, mimi mwenyewe nikiwemo. Ilifanya kazi kwa kila kitu chenye mistari. Sukari ya kupima, ile inayotoka kwenye gunia la kilo 50 kwa kikombe na mzani, haina mistari. Ina namba kwenye gunia, lakini gunia likishafunguliwa namba hiyo haisemi zimebaki kilo ngapi. Hiyo bado anaiandika kwenye daftari, na juzi nilipopiga simu kuuliza stoo ikoje, alifungua daftari kwanza.